Kipimo cha damu kimesema "ana kinga". Kinga gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu anachimba dhahabu Chunya. Amerudi nyumbani Mbalizi akikohoa, hii ni wiki ya tano, na usiku analoa jasho. Dukani wamempima tone la damu, wakasema ana kingamwili za kifua kikuu, kwa hiyo mwili umeshajikinga. Anywe tu virutubisho. Tuna mtoto wa miaka mitatu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli. Kesho asubuhi aende kituo cha afya, atoe makohozi yapimwe. Ni bure.

Hilo neno "kinga" limenichosha. Watu wamezoea surua: ukishaugua, kingamwili (protini za damu zinazonasa vijidudu) zinabaki, huugui tena. TB haina tabia hiyo. Kingamwili huelea kwenye damu na majimaji ya mwili, ilhali bakteria wa TB hujificha ndani ya seli zilezile zilizokuja kuwameza. Humo kingamwili haziwafikii kirahisi. Kazi kubwa ni ya seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, zinazozichochea seli hizo kumuua mgeni aliyemo ndani yake. Ndiyo maana VVU, vinavyoteketeza seli T za aina iitwayo CD4, huifungulia TB mlango. Sisemi kingamwili hazina kazi kabisa. Watafiti wanaona baadhi zinasaidia. Ila kuwa nazo hakumaanishi umepona wala umekingwa. Anayekohoa damu anaweza kuwa nazo tele, na mgonjwa mwingine kipimo kisizione.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi vipimo hivi vya kingamwili visitumike kutambua ugonjwa wa TB, kwa kuwa vinadanganya pande zote mbili. Na bado naletewa vikaratasi vyake mezani!

Virutubisho navyo? Ale maharage na parachichi, Mbeya hatuna njaa ya hivyo. Lakini TB huuawa na dawa, kwa kawaida miezi 6, bila kuruka siku.

Mtoto aje pia. Chanjo ya BCG, ile ya watoto wachanga, humkinga hasa na TB kali ya utotoni, kama ya utando wa ubongo. Haimzuii kuambukizwa na baba yake. Akichunguzwa akaonekana hana ugonjwa, na baba akakutwa nao, atapewa dawa za kuzuia.

Nanyi wachimbaji wengine, vumbi la mawe linadhoofisha hizohizo seli za mapafu zinazomeza bakteria. Ukikohoa wiki mbili, acha kuzunguka na chupa za dawa ya kikohozi. Peleka makohozi, na duka likikuita kwa tone la damu, pita.