Klorini ina elektroni nyingi, mbona ndo ndogo?

SWALI: Shikamoo ticha. Niko fom tuu na kichwa kinaniuma. Sodiamu ina elektroni 11, klorini ina 17, afu kitabu kinasema atomu ya sodiamu ndo kubwa. Si ingekuwa kinyume? Na hiyo alama Na imetoka wapi wakati jina ni sodiamu? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Wala hujachanganyikiwa, wengi tulidhani atomu ni kama gunia, ukijaza vingi linavimba. Sasa angalia mpangilio wa elektroni kwenye maganda (ngazi zinazozunguka kiini), kuanzia la ndani: sodiamu ni 2, 8, 1 na klorini ni 2, 8, 7, yani zote zina maganda matatu, hakuna ganda jipya hapo katikati. Kilichoongezeka ni protoni kwenye kiini, na protoni ndo zinazovuta. Zile elektroni 10 za ndani zinakinga sehemu kubwa ya mvuto, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka haraka (sio kamili ila inakusogeza) elektroni ya nje ya sodiamu inavutwa kama na protoni 1 hivi, za klorini kama na 7, basi zinasogezwa ndani na atomu inabana, mpaka upana wa klorini unakuwa kama nusu ya sodiamu na kidogo juu yake. Ukifika potasiamu, 2, 8, 8, 1, ganda la nne linafunguka na ukubwa unaruka tena.

Ila usikariri ukajibu hivohivo kwenye chumvi! Sodiamu ikishatoa elektroni yake moja ganda la tatu limeisha, imebaki 2, 8. Klorini ikiipokea inakuwa 2, 8, 8 na inatanuka. Kwenye chumvi ya jikoni kwenu ioni (atomu iliyotoa au kupokea elektroni) ya klorini ndo jitu, ya sodiamu ndo kadogo. Hapo watu wanaangukaga sana.

Alama Na ni ya natrium, jina la Kilatini, limetokana na natroni, magadi yale yale. Ziwa Natron halipo mbali na wewe. Hilo jina sodium ni la Humphry Davy, aliyeipata mwaka 1807 kwa kupitisha umeme kwenye soda kostiki iliyoyeyushwa. K ya potasiamu nayo ni kalium, kutoka neno la Kiarabu linalohusu majivu ya mimea.

SWALI: Mama anatia magadi kwenye maharage. Fomula yake ni NaCO3 au Na2CO3? Hiyo 2 inatokea wapi?

JIBU: Na2CO3. Kundi la kabonati (hiyo CO3) lina chaji hasi 2, sodiamu moja ina chanya 1 tu, kwa hiyo zinatakiwa mbili ndo deni liishe. Wengine mnafundishwa kukrosi namba za chaji bila kufikiri, mnaishia kuandika Mg2O2 wakati 2 kwa 2 zinafutana, ni MgO tu. Magadi ya ziwani yenyewe sio Na2CO3 tupu, imechanganyika na NaHCO3 na maji. Na mwambie mama asizidishe, maharage yanalainika kweli ila vitamini B1 inapotea.