Seva ikifa usiku, ikuachie neno

Kwa wiki tatu seva ya wafanyabiashara wa samaki hapa Kirumba, Mwanza, jirani na mwalo, ilikuwa kama inajizima na kujiwasha yenyewe usiku. Asubuhi nikifungua logi, yaani faili la matukio ya seva, mstari wa mwisho ni wa saa nane: mzani wa pili umetuma uzito wa sangara. Unaofuata ni wa seva inawaka upya. Katikati hamna kitu. Nikabadilisha RAM, nikabadilisha pawasapulai, wenyewe wakalipa, tatizo likabaki palepale. Ile hela yao inaniuma hadi leo.

Keneli, yaani kiini cha Linux, mfumo unaoendesha seva, ikipata paniki, yaani kosa linaloilazimisha kusimama, maneno yake ya mwisho yako kwenye RAM tu. Programu inayoyapeleka kwenye diski nayo imeshasimama. Mashine ikiwaka upya, ushahidi umekwenda.

Dawa yake ni pstore, iliyomo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.39 la mwaka 2011. Inaandika maneno hayo mahali yatakaposalimika, na ukiwasha unayakuta kama mafaili ndani ya /sys/fs/pstore. Ila angalia sana ni mahali gani! Mimi nilianza na ramoops, inayotenga kipande cha RAM. Inafaa mashine ikijiwasha upya bila umeme kukatika. Kumbe usiku seva ilipokufa tena, mlinzi aliona skrini imeganda, akachomoa waya, na RAM ikapoteza kila kitu.

Nikahamia kwenye hifadhi ya UEFI (programu ya mwanzo ya kuwasha mashine), iliyo kwenye chipu ya mazabodi na haitegemei umeme. Baadhi ya Linux huja na sehemu hii imezimwa, kwa hiyo ongeza efi_pstore.pstore_disable=0 kwenye amri za kuwashia keneli, kisha soma /sys/module/pstore/parameters/backend uone kama imeshika. Kwenye mipangilio ya sysctl weka pia kernel.panic=10 ili mashine ijiwashe baada ya sekunde 10.

Hifadhi hiyo ni ndogo, usiiache ijae. Huduma ya systemd-pstore huhamishia mafaili /var/lib/systemd/pstore kila mashine ikiwaka na kufuta yale ya kwenye chipu, hakikisha imewashwa.

Halafu jaribu, tafadhali. Watu wakishaondoka, andika sync ili data ifike kwenye diski, kisha echo c > /proc/sysrq-trigger. Seva itakufa kweli, ndiyo maana nasema watu wawe wameondoka. Ikirudi, ndani ya /var/lib/systemd/pstore utakuta vipande vilivyoandikwa Part1, Part2 na kuendelea. Part1 ndicho cha mwisho kwa wakati, kwa hiyo soma kuanzia namba kubwa ukishuka.

Kwetu paniki ilirudi siku ya nne. Safari hii kwenye Part1 nilikuta jina la draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya mtandao, limejirudia mistari sita. RAM haikuwa na kosa lolote. Nilirudisha draiva ya zamani, na juu ya soketi nikabandika karatasi ya mlinzi: "Mzee, skrini ikiganda usichomoe. Subiri dakika tano, kisha nipigie, hata iwe saa tisa usiku."