Maswali ya wasomaji: Ugoko unaouma, kitambi kisichotoka, na kazi ya ualimu wa mazoezi

Nina miaka 34, kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Nimejiwekea lengo la kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Wiki ya tatu tu tangu nianze, ugoko wa kulia unawaka kila nikikimbia. Niache? (Mama wa watoto wawili, Sakina, Arusha)

Usiache, dada, ila punguza. Moyo na mapafu huzoea mbio ndani ya wiki chache. Mfupa na kano huhitaji miezi. Ndiyo maana unajisikia una pumzi ya kwenda mbali wakati miguu bado haijawa tayari.

Kwanza yapime maumivu yenyewe. Bonyeza kwa kidole upande wa ndani wa ugoko. Yakiwa yameenea eneo refu kama kiganja na yanapungua mwili ukishapata moto, ni uchovu wa misuli na utando wa mfupa. Yakiwa nukta moja, au huwezi kurukaruka kwa mguu huo, au yanakuamsha usiku, nenda hospitali, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa. Ufa huo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki za mwanzo, hivyo picha safi isikurudishe barabarani kama bado unaumia.

Kama ni yale ya kwanza, kwa wiki mbili kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 10, siku tatu kwa wiki. Wiki hizo zikiisha, na ukiwa unaamka kesho yake bila maumivu, songa hadi kukimbia dakika 2 na kutembea 1. Mwendo uwe wa kukuwezesha kusema sentensi nzima bila kuhema. Siku usizokimbia, jenga vigimbi: simama ukingoni mwa ngazi, inuka kwa vidole, kisha shuka ukihesabu hadi tatu. Mara 12, seti 3. Wengi hufanya harakaharaka na kukosa faida, kwa sababu kule kushuka polepole ndiko kunakoimarisha.

Kwa kilomita 21 jipe wiki 20, wala usikubali ratiba ya wiki 8. Mbio ndefu ya wiki ifike kilomita 17 au 18 kabla ya siku yenyewe. Njia ya nusu marathon hupanda kutoka Moshi kuelekea Mweka, kisha hurudi mjini kwa mteremko. Watu hujiandaa kwa mlima wakausahau mteremko, nao ndio unaokata mapaja, kwa kuwa misuli inafanya kazi huku ikivutwa. Kuanzia wiki ya 10, tafuta mteremko wa mita 300 na ushuke taratibu mara 4, halafu ongeza hadi 8.

Na joto, tafadhali. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000, na mbio hizo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto, kwa hiyo wiki mbili kabla ya mbio hamisha mazoezi mafupi kutoka alfajiri hadi saa tisa alasiri, ukiwa na maji.

Napiga mazoezi ya tumbo mara 100 kila siku, kitambi kipo palepale. (Msomaji, Njiro, Arusha)

Mazoezi hayo yanajenga misuli iliyo chini ya mafuta. Mafuta yenyewe hayachagui kutoka pale unapopatesa. Angalia kinywaji chako kwanza. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina kalori zipatazo 200. Mbili kila jioni zinafuta mbio za kilomita 5 hadi 6 za mtu wa kilo 70, asipungue chochote.

Nina miaka 24, nimepiga vyuma miaka minne. Watu jimuni huniuliza wafanyeje, nami nataka iwe kazi yangu. Nianzie wapi? (Kijana wa Majengo, Moshi)

Mdogo wetu, kuulizwa ni dalili nzuri. Lakini miaka minne hiyo imekufundisha mwili mmoja tu, wako. Atakayekulipa kila mwezi huenda ana miaka 50, ana presha, na goti lake linalia akipanda ngazi. Msomee huyo.

Anza na huduma ya kwanza; Msalaba Mwekundu hufundisha. Uweze kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, bila kusitasita. Kisha cheti cha ualimu wa mazoezi. Vya mashirika ya ACE na NASM ya Marekani vinatambulika sana, lakini mtihani una anatomia nyingi, kwa hiyo jipe miezi kadhaa ya kusoma kila siku.

Nunua mashine ya presha ya mkononi kabla ya kununua chuma chochote. Siku ya kwanza usimchoshe mteja. Muulize kuhusu maumivu ya kifua, kizunguzungu, dawa anazotumia, na upasuaji. Presha ikiwa 180/110 au zaidi, hakuna mazoezi siku hiyo. Aende kwa daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini awe na kitu cha sukari mkononi. Kisha mkalishe kwenye kiti, ainuke na kukaa bila kutumia mikono kwa sekunde 30, uandike idadi. Baada ya wiki sita rudia. Namba hiyo humshawishi kuendelea kuliko mzani.

Uzito uongeze pale tu anapomaliza seti zote tatu za 12 kwa mkao safi, vipindi viwili mfululizo. Hapo ongeza kilo 2.5. Makocha wachanga huongeza kila wiki, na kiuno cha mteja ndicho kinachoumia.

Upande wa fedha, uza vipindi 12, usiuze mwezi. Mwezi huzaa ubishi kuhusu siku alizokosa. Andikeni kwamba kipindi kisichoahirishwa angalau muda wa saa 12 kabla kinahesabiwa. Ukimfuata nyumbani, weka nauli na muda wa njiani ndani ya bei. Sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua TIN (namba ya mlipakodi), kisha leseni ya halmashauri.

Usifanye kila zoezi pamoja na wateja. Wateja watano kwa siku watakuchosha, na ukiwa umelala chini hutaona goti la mwenzako linavyoingia ndani. Mteja akipotea wiki tatu, mrudishe kwa theluthi mbili za uzito aliouacha, hata akidai ana nguvu zilezile.