Mlio Ukichelewa, Usikimbilie Msimbo

Mpira ulikuwa ukigusa sakafu kwenye skrini, halafu ndipo "du!" inafuata. Ilikuwa simulesheni ya mpira unaodunda, ya kuonyesha jinsi nishati inavyopungua kila mdundo. Siku mbili nzima nilipekua msimbo, yaani maagizo ya programu. Kosa halikuwa humo.

Nilipofungua faili la sauti na kulikuza, niliona mstari ulionyooka kabla ya wimbi kuinuka: ukimya wa milisekunde 40 hivi. Faili za MP3, aina ya sauti iliyobanwa, zina tabia hiyo, huongezewa ukimya kidogo mwanzoni zinapobanwa. Nikaukata, nikahifadhi kwa WAV, aina isiyobanwa, mpira ukatii. Basi anza hapo. Na ujaribu kwa spika za waya, maana za Bluetooth huweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, ukaishia kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Hata hivyo, kuchelewa kwenyewe si balaa kubwa. Balaa ni kuchelewa kusikolingana. Katika mdundo wa mpira, muda kati ya mlio na mlio ndio somo lenyewe: unafupika kwa uwiano uleule, na sikio hulinasa hilo vizuri kuliko jicho. Milio yote ikichelewa sawasawa, mahadhi yanabaki. Mmoja ukichelewa milisekunde 5 na mwingine 30, umemfundisha mwanafunzi uongo.

Hilo hutokea ukiacha fremu, yaani picha zinazofuatana kwenye skrini, ziamue mlio utoke lini. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila moja huchukua takribani milisekunde 16.7, na mpira hugusa sakafu katikati ya mbili. Mimi sasa napiga hesabu ya wakati wa kugusa mapema, kisha naikabidhi Web Audio, zana ya sauti iliyomo kwenye kivinjari, ambayo ina saa yake: amri yake ya start() inapokea wakati kamili wa kuanza.

Ila ukishapanga mlio, uwe tayari kuufuta. Mimi nilisahau. Mtu akiudaka mpira hewani kwa kipanya, sakafu inalia vilevile, mpira ukiwa mkononi mwake!

Mpira ukikaribia kutulia nao hulia kama cherehani. Weka kiwango cha kasi ambacho chini yake hakuna mlio, na sauti ipungue kadiri kasi inavyopungua.

Kipimo changu ni kumwomba mtu afumbe macho ahesabu midundo. Wa kwanza alihesabu saba. Kwenye skrini ilikuwa sita. Nikarudi kutafuta mlio niliosahau kuufuta.