Kuta zako haziko kwenye DWG: kuhamisha ramani kutoka ArchiCAD kwenda Revit

SWALI: Habari za kazi, msanifu. Mimi ni mchoraji katika ofisi ndogo hapa Mwanza. Mteja ametuletea ramani ya nyumba ya vyumba vinne iliyochorwa kwa ArchiCAD, programu ya kusanifu majengo, sisi tunatumia nyingine, Revit. Kijana wa stesheneri alitukonvetia kuwa DWG, faili la michoro la AutoCAD, kwa tovuti ya bure. Tumeliingiza faili: nyumba ya mita 14 inasoma mita 140, baadhi ya maandishi yamekuwa alama za kuuliza, na kuta ni mistari mitupu, hazishikiki kama kuta. Ni programu ipi nzuri zaidi ya kukonveti?

JIBU: Ndugu mchoraji, hiyo mara kumi imenieleza karibu kila kitu. Mtu akichanganya milimita na mita, nyumba huvimba au kusinyaa mara elfu. Akichanganya inchi na milimita, ni mara 25.4. Mara kumi inaweza kutoka kwa kuchanganya sentimita na milimita, lakini kwa faili lililopita tovuti ya bure, naona imetoka karatasini: mita 14 kwa skeli ya 1:100 ni milimita 140 za karatasi, na Revit ikaambiwa zile 140 ni mita. Kwa hiyo kijana hakuligusa faili la ArchiCAD. PLN, aina ya faili ambayo ArchiCAD huhifadhi kazi yake, ni muundo wa ArchiCAD yenyewe, na tovuti za namna hiyo haziusomi. Alichukua PDF iliyokuja nalo, tovuti ikaifuatisha mistari yake, mkapewa picha ya karatasi yenye jina la DWG. Hata zile alama za kuuliza ni herufi ambazo fonti yake ilibaki njiani.

Lakini tuseme angekuwa na ArchiCAD halali akatoa DWG safi. Kuta zenu zingekuwa mistari vilevile. Hapa ndipo ninapochoka, maana swali hili naletewa na wachoraji, wanafunzi, hata wahandisi, na wote wanaamini kwamba jengo limo ndani ya DWG ila halijapata programu ya kulitoa. DWG ilikuja na AutoCAD mwaka 1982 kwa kazi ya kuchora: mistari, tao, bloku, maandishi, vyote vikipangwa kwenye leya, yaani matabaka ya mchoro. Ukuta ndani ya ArchiCAD unajua unene wake, unajua unaishia wapi kwenda juu, una plasta pande mbili, na dirisha lililomo linajua kwamba limo. Ukiutoa kuwa DWG ya plani, inabaki mistari miwili sambamba kwenye leya ambayo mtu ameipa jina la kuta, kama alikumbuka kuipa. Hakuna programu itakayokurudishia kimo cha linta kutoka kwenye mistari hiyo, kwa sababu kimo hakimo.

Kinachobeba kuta ni IFC, aina ya faili la kuhamisha modeli za majengo kati ya programu. Ni kiwango cha kimataifa, ISO 16739, kinachosimamiwa na buildingSMART, na programu zote mbili zinakitoa na kukisoma. Mpigieni msanifu aliyechora. Mngepaswa kumpigia hata kama faili lingefunguka, maana mchoro ni kazi yake na kuubadilisha bila ruhusa yake ni kesi nyingine. Mwombeni IFC, mwombeni DWG iliyotoka ndani ya ArchiCAD ikiwa imetajwa kama ni ya milimita au mita, na PDF ya kila karatasi ili muwe na cha kulinganisha nacho. Mwulizeni pia ametoa toleo gani, IFC2x3 au IFC4, mhakikishe Revit yenu inaisoma.

IFC nayo msiitarajie miujiza. Kuta nyoofu, sakafu na milango huja vizuri. Ngazi na paa mara nyingi huja kama bonge linaloonekana sawa lakini halihaririki. Kwa nyumba ya vyumba vinne nawashauri muiunganishe kama rejea kwa amri ya Link, kisha mjenge kuta zenu wenyewe juu yake. Ni kazi ya siku chache, na mwisho wake mna modeli mnayoijua.

DWG mkiingiza, msiiachie Revit ikisie vipimo. Chagueni wenyewe, halafu pimeni mlango mmoja unaojulikana, tuseme wa milimita 900. Ukisoma 900, endeleeni. Ukisoma kingine, futeni muingize upya, na tafadhali msiuvute mchoro kwa jicho mpaka ufanane.

Huko kuvuta kwa jicho ndiko kunakoharibu nyumba za watu. Kosa la mara elfu halina hatari, kila mtu analiona. Hatari ni PDF ya A3 iliyoprintiwa kwenye A4 kwa kujaza ukurasa, ikaskaniwa, ikafuatishwa. Skeli ya 1:100 imekuwa kama 1:141, chumba cha mita 3 ukikipima kwa rula ya skeli kinasoma mita 2.12. Mtu anakivuta mpaka kikaribie 3, kinasimama kwenye 2.96, anaridhika. Mhandisi wa miundo anapanga nguzo juu ya mchoro huo, fundi anapima site kwa tarakimu zilizoandikwa, na nondo zinakuja fupi.

Kuna na vipimo vya uongo. Katika AutoCAD bofya kipimo, fungua Properties, tazama mstari wa Text override. Ukiwa mtupu, kipimo kinasema urefu halisi wa mstari. Ukikuta 4200, ujue mtu amechapa tarakimu kwa mkono, na mstari wenyewe unaweza kuwa 4150. Ndani ya programu moja uongo huo unaweza kukaa miaka bila kuonekana. Ukiupeleka programu nyingine na kuta zikajengwa juu ya mistari, zile milimita 50 zinaingia kwenye zege.

Na zile alama za kuuliza msizidharau. Maneno ya Kiswahili huwa yanapona, hayana herufi za ajabu. Zinazopotea ni alama kama Ø ya kipenyo na ± ya kujumlisha au kutoa, wakati mwingine hata kistari kirefu kilichochapwa kama alama ya kutoa. Kimo kilichoandikwa ?0.150 kwenye baraza kinamwambia fundi apande au ashuke? Ataamua yeye, na atamwaga zege kabla hamjajua ameamua nini.

Kwa hiyo sina programu ya kuwatajia, na anayewatajia moja kwa bei ya kahawa anawauzia mistari. Msanifu akikosekana kabisa, chukueni PDF, anzeni upya kwa kufuata tarakimu zilizoandikwa, jumlisheni vipimo vya kila upande kuona kama vinalingana na urefu wa nje, na visipolingana nendeni kiwanjani na futi kamba. Muda huo mwandikieni mteja kwenye makadirio tangu siku ya kwanza, akitaka kujua kwa nini mwonyesheni ile nyumba ya mita 140.