Kwa mnaoanza kusoma ufafanuzi wa Kiyahudi: anzeni na Hana

Wengi wenu mnaoanza kusoma namna Wayahudi wanavyoyafafanua Maandiko mmelelewa kanisani, na Hana mnamfahamu tangu utotoni: mke wa Elkana, hana mtoto, analia mbele za Mungu kule Shilo hadi anapojaliwa Samweli. Anzeni na huyohuyo. Kwa kuwa kisa hakitawapa taabu, akili yenu itabaki kwenye kile kilicho kigeni kwenu, yaani jinsi marabi, walimu wa Kiyahudi wa kale, wanavyosoma.

Chukueni Talmudi ya Babeli, ule mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, kitabu cha Berakhot, ukurasa wa 31, pande zote mbili. Lakini kwanza someni 1 Samweli 1 polepole, na kila mnapokuta neno linaloonekana la ziada, au jambo lisilotajiwa sababu, wekeni alama. Marabi huanzia hapo. Anayekimbilia ujumbe wa jumla wa sura hatawaelewa, maana wao wanauliza kwa nini aya imetaja midomo.

Rav Hamnuna anasema sheria kubwa na nyingi zimo katika aya hizi za Hana. Alinena moyoni: basi anayesali auelekeze moyo wake. Midomo yake ilitikisika: basi maneno yatamkwe, yasiishie mawazoni. Sauti yake haikusikika: basi katika sala mtu asipaze sauti. Kuhani Eli alimdhania kuwa amelewa: basi mlevi asisali. Hadi leo, Myahudi anaposimama kusali Amida, ile sala kuu ya kila siku, midomo yake hutikisika kwa sauti ya chini. Tulieni hapa kidogo. Kuhani mwenye cheo alikuwepo, akatazama, asitambue anachokiona. Na mwanamke aliyemdhania mlevi ndiye aliyekuwa mwalimu wa sala kwa Israeli wote. Kwangu mimi, heshima hiyo inazidi sifa zozote ambazo wangemmwagia kwa maneno.

Eli naye haachwi hivihivi. Hana anapojibu, "Hapana, bwana wangu," Ula anasikia karipio ndani yake: wewe si bwana katika jambo hili, wala roho takatifu haiko juu yako, kama unanishuku hivi. Wakachota sheria hapo pia: anayeshukiwa bure ajisafishe, na aliyemshuku mwenzake bure amridhishe na kumbariki, kama Eli alivyofanya.

Sehemu itakayowashtua ni ujasiri wake mbele za Mungu. Rabi Elazar anasema tangu kuumbwa ulimwengu hakuna aliyemwita Mungu "Bwana wa majeshi" mpaka alipokuja Hana. Mwenye macho atapinga: mbona jina hilo limo tayari katika aya ya 3? Limo, ila pale anayesema ni msimulizi. Hana ndiye anayemwita Mungu kwa jina hilo uso kwa uso. Na marabi wanamweka kinywani hoja: katika majeshi yote uliyoyaumba, ni vigumu kwako kunipa mwana mmoja tu? Kisha anavitaja viungo vya mwanamke kimoja kimoja. Macho ni ya kuona, masikio ya kusikia, mikono ya kufanya kazi. Na matiti haya uliyoyaweka juu ya moyo wangu, si ya kunyonyesha?

Halafu kuna tishio. Katika Kiebrania, Hana anapomwambia Mungu "ukiangalia", kitenzi kimerudiwa, na Rabi Elazar hakubali kwamba kimerudiwa bure. Ukiangalia, vema, anasema Hana. Usipoangalia, nitakaa faragha na mwanamume mwingine ili mume wangu aone wivu, ninyweshwe yale maji ya uchungu ya Hesabu 5, anayopewa mke anayeshukiwa uzinzi. Huko Torati inaahidi kwamba asiye na hatia atachukua mimba, nawe hutaifanya Torati yako kuwa uongo. Msicheke, wala msikasirike. Endeleeni kusoma, kwa sababu palepale Talmudi inaleta mwalimu anayepinga: kama ni hivyo, kila tasa angekwenda kukaa faragha hivyo apate mtoto. Kwake yeye, ahadi ile ni ya mwanamke aliyekuwa akizaa kwa uchungu, sasa atazaa kwa wepesi. Na kitenzi kilichorudiwa? Torati imesema kwa lugha ya wanadamu, basi.

Kwa hiyo msiandike kamwe "Wayahudi wanasema" mnapotoa maoni ya rabi mmoja. Andikeni jina lake na kitabu. Penina, mke mwenza wa Hana, atawaonyesha kwa nini. Katika Bava Batra, kitabu kingine cha Talmudi, ukurasa wa 16, Rabi Levi anamtetea: alimchokoza Hana kwa ajili ya Mbinguni, ili apate kuomba. Lakini Pesikta Rabbati, midrashi (mkusanyo wa ufafanuzi wa Maandiko) ya baadaye, inamchora akimuuliza mwenzake asiye na mtoto kama hajaamka kuwaosha watoto wake nyuso waende shule. Maneno hayo ni makali mno, na mimi naona midrashi hii inaujua vizuri zaidi uchungu wa nyumba ya wake wawili.

Tazameni pia kalenda. Siku ya kwanza ya Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Kiyahudi, kisa cha Hana pamoja na wimbo wake husomwa katika sinagogi, kwa kuwa Talmudi inasema siku hiyo Sara, Raheli na Hana walikumbukwa na Mungu, wakajaliwa mimba.

Mkimaliza, nendeni Megillah, nacho ni kitabu cha Talmudi, ukurasa wa 14, kwenye manabii wa kike saba: Sara, Miriamu, Debora, Hana, Abigaili, Hulda na Esta. Mtakuta wakiuliza kwa nini mfalme Yosia alituma watu kwa Hulda wakati Yeremia yupo, na jibu mojawapo kwamba wanawake wana huruma. Mtakuta pia Rav Nachman akiwasema vibaya Debora na Hulda kwa kiburi, na kuyadharau hata majina yao. Msiiruke kauli hiyo mnapoandika kazi yenu, na msiiache isimame peke yake.