Seli za Moyo Zinadunda: Je, Zimekomaa?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili na ninakuza seli za misuli ya moyo kutokana na seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli. Zilianza kudunda siku ya 10, na kipimo kinaonyesha kwamba asilimia 90 zina troponini T, protini ya misuli ya moyo. Je, zimekomaa vya kutosha kujaribiwa dawa? Muuzaji mmoja anadai kwamba kirutubisho chake huzikomaza kwa wiki moja, ninunue?

Jibu: Hapana kwa yote mawili. Laiti ningeweza kufuta dhana moja tu katika maabara zetu, ningefuta hii ya kuuchukulia mdundo kuwa cheti cha ukomavu. Seli ya ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya mtu mzima ikitengwa peke yake hutulia kimya mpaka ichochewe kwa umeme. Zako zinadunda zenyewe kwa sababu bado ni changa: njia za potasiamu, yaani vitundu vinavyopitisha chembe zake, zinazopaswa kuutuliza utando wa seli ni chache mno, hivyo volteji, ambayo katika seli ya mtu mzima hutulia karibu na milivolti -85, huelea karibu na -60 na kupanda yenyewe hadi mdundo unaofuata. Katika hali hiyo njia nyingi za sodiamu huwa zimejifunga, na dawa inayozilenga inaweza kukupa jibu ambalo moyo wa mgonjwa hautalitoa kamwe.

Troponini T nayo inakujulisha aina ya seli, wala si umri wake, kwa kuwa hata moyo wa kijusi unayo. Hizo asilimia 90 ni kipimo cha usafi. Hata ile mbinu ya kuzinyima seli glukosi na kuzilisha laktati huua zisizo za moyo, lakini haizikomazi zinazobaki. Pima troponini I, uone kama seli zimeanza kuacha ile ya kijusi na kutumia ile ya moyo uliokomaa. Pima pia urefu wa sarkomea, kipande kidogo cha msuli kinachojikunja, ambao katika seli changa ni takriban maikromita 1.6 na katika seli ya mtu mzima hukaribia 2.2. Tafuta vijia vya utando vinavyozama ndani ya seli ili kalsiamu iachiliwe kila mahali kwa wakati mmoja. Mwisho chunguza kama mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zinachoma asidi za mafuta, kama zifanyavyo baada ya mtoto kuzaliwa, au bado seli inaishi kwa sukari ambayo viowevu vingi vya kukuzia vimeijaza.

Kuhusu kirutubisho: asidi za mafuta, homoni ya thairoidi na deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi) husaidia kweli, lakini hakuna chupa inayofanya kazi yote. Kundi la Gordana Vunjak-Novakovic wa Chuo Kikuu cha Columbia lilionyesha mwaka 2018 kwamba seli zilizofumwa kuwa tishu mapema, zikavutwa na kuchochewa kwa umeme kwa kasi iliyoongezwa hatua kwa hatua, zilipiga hatua kubwa ndani ya wiki 4, huku zile zilizocheleweshwa zikinufaika kwa kiwango cha chini. Hata hivyo, tishu hizo hazikufikia nguvu ya msuli wa mtu mzima.

Mdundo huohuo unaowapumbaza wanafunzi ndio unaotumiwa kuwavuta wagonjwa. Huonyeshwa video ya kisahani kinachodunda, kisha huuziwa sindano. Mwaka 2014 kundi la mtafiti Charles Murry, Seattle, Marekani, lilipandikiza takriban seli bilioni 1 za aina hii katika mioyo ya nyani iliyojeruhiwa. Seli zilishika na kuungana na msuli, lakini nyani hao walipata mapigo yasiyo ya kawaida, jambo ambalo halishangazi pale kiraka kinachojiendesha kinapowekwa ndani ya moyo wenye utaratibu wake. Tusisahau pia kwamba mwaka 2018 Harvard ilipendekeza makala 31 za Piero Anversa, aliyedai kuwa moyo wa mtu mzima una seli shina zinazoweza kuujenga upya, ziondolewe kwenye majarida, baada ya wagonjwa kuwa wamekwisha kuingizwa katika majaribio yaliyotokana na kazi hiyo.

Huko Osaka, Japani, na Göttingen, Ujerumani, wagonjwa wachache wamewekewa tishu zilizokuzwa maabara, kwa upasuaji, ndani ya majaribio yaliyosajiliwa, pamoja na dawa za kushusha kinga. Anayekuuzia seli shina za moyo bila hayo muulize namba ya usajili wa jaribio lake. Na yule anayeziuza kama unga wa kukoroga kwenye maji hana haja ya kuulizwa, kwa kuwa hakuna seli shina ya moyo inayostahimili kukaushwa kuwa unga na kisha kupita tumboni hadi ifike kwenye moyo.